Kapsuli Bubu

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kweli iliyofuliwa, ikaanikwa, ikapigwa pasi. Msumari mwenyewe alinisimulia, na pale ambapo hakunisimulia nilikuwa na njia zangu za kujua. Sijaongeza chumvi hata chembe; daktari amenikataza chumvi. Na ikiwa nimedanganya, hata mahali padogo pa kupita sisimizi, basi masharubu yangu haya, niliyoyafuga tangu kabla sijaoa, masharubu ambayo watu huyaamkia kwanza kabla ya kuniamkia mimi, yanyolewe mbele ya mashahidi. Kwa wembe butu. Nimeapa, na mimi nikiapa nimeapa. Haya, twende.

*

Msumari hakuwahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Alikuwa mkaguzi wa Baraza la Wafamasia, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya raba, maana alikuwa hawezi kufikiri miguu ikiwa imetulia. Jina hilo walimpa wafamasia wenyewe. Walisema ukimgonga kichwani anazidi kuingia.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshalizunguka duka zima la dawa na sasa anaanza upya. Alifungua droo akaifunga. Alisoma kibandiko cha chupa, akaigeuza, akasoma nyuma. Duka lilinuka spiriti na peremende. Nyuma ya kaunta, nyuma ya ukuta wenye dirisha la kioo, kulikuwa na chumba ambacho maduka mengi ya dawa hayana: chumba cha kuchanganyia. Humo ndimo dawa isiyotengenezwa kiwandani hutengenezwa kwa mkono, ya mgonjwa mmoja, kwa kipimo chake peke yake.

"Mkaguzi, keti basi hata kidogo," alisema mwenye duka, mfamasia wa makamo mwenye tumbo la heshima. Kila mtu alimwita Bosi, hata mama mkwe wake.

"Nikikaa nalala. Nieleze habari za yule mzee."

Bosi akavuta pumzi. Mzee huyo, mstaafu wa reli, alikuwa mgonjwa wa presha. Kipimo chake kilikuwa kidogo mno, kiwandani hakuna anayehangaika nacho, kwa hiyo duka lilimtengenezea kapsuli: mbili asubuhi, mbili jioni. Alizitumia kwa muda mrefu bila shida. Juzi alinyanyuka kwenye kochi apandishe sauti ya redio, akaenda chini kama gunia. Hospitalini walimtafuta presha kama watu wanaotafuta sindano iliyodondoka kwenye zulia. Walipoipata walimtibu, akarudi nyumbani. Daktari akauliza anatumia nini, chupa ikatolewa, na juu ya chupa kulikuwa na herufi za jina la mwanagenzi aliyezitengeneza.

"Huyo pale," akasema Bosi, akielekeza kidevu kwenye kioo.

Ndani ya chumba, binti mmoja mwenye koti jeupe alikuwa anafuta meza iliyokwisha kuwa safi. Alifuta, akaikagua, akaifuta tena.

Msumari alijua hali ya mambo kuliko binti mwenyewe. Baraza lilikuwa linakaa mchana huo. Mezani pake kulikuwa na mafaili mawili yenye jina moja: moja la ombi la leseni, kwa sababu binti alikuwa amemaliza mafunzo yake ya kuchanganya dawa, la pili la malalamiko. Ripoti ya Msumari ndiyo ingesema lipi lifunguliwe na lipi lifungwe. Likifungwa lile la kwanza, halingefunguliwa tena.

"Binti ana mikono mizuri," Bosi akaendelea. "Lakini ni mwanagenzi. Mwanagenzi hukosea, ndiyo maana akaitwa hivyo."

"Na wewe ndiye jicho la pili. Kila dawa inayotoka humo lazima uikague. Hii uliikagua?"

"Niliikagua."

"Uliikagua au uliitia sahihi?"

Bosi akatazama viatu vyake, ambavyo kwa sababu ya tumbo hakuweza kuviona.

Msumari akasukuma mlango wa kioo.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba. Acha hiyo meza, itatoboka. Nani alikufundisha kazi hii?"

"Chuo, halafu Bosi." Binti alikunja kitambaa, akakikunjua. "Nyumbani hawakutaka. Mama yangu alisema, 'Yaani umesoma miaka yote hiyo uje utwange kwenye kinu? Si ungebaki hapa nikufundishe bure?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia kinu chetu huoshwa zaidi."

Msumari karibu acheke, akajizuia. Ripoti ilikuwa bado tupu. "Tengeneza ile dawa ya mzee. Usinieleze, nionyeshe."

Binti akanawa, akavaa glavu, na mara mikono yake ikaacha kuhangaika, kama farasi aliyeiona njia ya nyumbani. Alipima dawa yenyewe, kiasi cha vumbi la mbawa za nondo. Akapima sukari ya maziwa, rundo kubwa kama kilima, kwa kuwa dawa kidogo namna ile haiwezi kujaza ganda peke yake, lazima ichanganywe na kitu kisicho na madhara.

Kuhusu mizani ile, msomaji akumbuke nimeapa. Ilikuwa na wivu wa kila chembe, kiasi kwamba ukipima karatasi tupu, kisha ukaandika juu yake jina lako kwa penseli na kuipima tena, uzito unapanda. Walijaribu. Jina la Bosi lilipandisha uzito kidogo. La Msumari lilipandisha zaidi, na mizani ikatoa mlio.

Binti hakumwaga sukari yote kwa mkupuo. Alitia kwenye kinu dawa, na sukari ya kiasi kilekile, akasaga. Kisha akatia kiasi sawa na kilichomo, akasaga. Kila mara mchanganyiko ulikuwa maradufu. Mwisho akadondosha chembe za rangi ya waridi.

"Ya nini hiyo?"

"Kuniumbua. Dawa nyeupe ndani ya sukari nyeupe, nani atajua kama vimechanganyika? Rangi ikienea sawasawa, na dawa imeenea. Nikiona madoa, narudi kwenye mchi."

Msumari aliinua kichwa. Juu yao kulikuwa na feni. "Upepo unaweza kuiyumbisha mizani."

"Haiwashwi tukiwa tunapima."

"Kila mtu husema hivyo." Msumari alipanda kwenye stuli na kupitisha kidole juu ya panga la feni. Kidole kilirudi kimevaa soksi ya vumbi. Feni hiyo haikuwa imezunguka tangu ilipofungwa. "Bosi! Hii feni?"

"Imeharibika," Bosi akajibu kutoka mlangoni. "Fundi anakuja."

"Fundi anakuja tangu lini?"

"Tangu aliposema anakuja."

Feni ikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Msumari akashuka, akatoa mfukoni chupa ya mzee aliyoichukua hospitalini, akamwaga kapsuli zake juu ya kigae cheupe. Maganda yalikuwa angavu; unga ulionekana ndani, waridi tulivu, bila doa hata moja. Binti alishusha pumzi. Kuchanganya kulikuwa kumekwenda vizuri. Hata kipofu angekubali.

"Sasa tupime," akasema Msumari.

Kapsuli ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili sawa. Iliyofuata ilipotua, namba za mizani zilipanda na kuendelea kupanda. Ilikuwa karibu mara mbili ya wenzake. Na nyuma yake nyingine, na nyingine.

Bosi aliingia ndani kabisa. "Basi! Imekwisha. Nyingine nyepesi, nyingine nzito. Hakujaza sawasawa." Alisema kwa huzuni, lakini ilikuwa huzuni ya mtu aliyeona moto umeruka nyumba yake.

Binti aliegemea ukuta. "Siwezi kuwa nimefanya hivyo."

"Mizani haina ugomvi na wewe, mwanangu."

"Najua, Bosi. Ndiyo maana nasema siwezi."

Msumari alikuwa anatembea. Kutoka kwenye sinki hadi mlangoni, mlangoni hadi kwenye sinki; chumba kilikuwa kidogo, kila akigeuka Bosi alilazimika kuvuta tumbo. Mchana ulikuwa unakuja. Ripoti ingeweza kuandikwa pale pale: kapsuli nzito, herufi za binti, sahihi ya Bosi. Ilikuwa ripoti safi, na ndiyo iliyomkera. Katika kazi yake kitu safi kupita kiasi ni kitu kilichofutwa.

"Ungejuaje," akauliza ghafla, "kama umejaza vizuri, kabla hujapima?"

"Husema," binti akajibu.

"Nani?"

"Kapsuli. Mimi sishindilii, unga haujai ganda lote, kuna nafasi juu. Ukiitikisa sikioni, husema."

Msumari akachukua kapsuli nyepesi, akaitikisa sikioni. *Sha, sha, sha.* Ilinong'ona kama mbea. Akachukua nzito, akatikisa. Kimya. Akatikisa tena hadi hereni ikacheza. Bubu kabisa.

"Mna sampuli za akiba za kundi hili?"

Bosi akazitoa kabatini. Kila dawa wanayotengeneza lazima wabaki na chache zake. Msumari akazitikisa moja baada ya nyingine. Zote zilisema.

"Hilo halithibitishi kitu," akasema Bosi. "Anaweza kuwa alichagua nzuri akaziweka akiba."

"Nani huchagua sampuli?"

Bosi akakohoa. "Mimi."

"Kwa kuzipima?"

"Natia mkono tu."

"Basi mkono wako umemtetea kuliko mdomo wako."

Msumari aliinua kapsuli moja bubu mbele ya taa. Pale kifuniko kinapokutana na mwili wa ganda palikuwa na ubonyo mdogo, na juu yake ukungu mweupe, alama ya kidole.

"Unga umemwagikia nje," Bosi akaeleza. "Kawaida."

"Unga wa ndani una rangi gani, Bosi?"

"Wari..." Bosi akasogeza uso karibu na kapsuli.

"Na huu?"

Ulikuwa mweupe. Mweupe pee.

"Nipeni ayodini," akasema Msumari.

Binti aliishusha chupa. Msumari akadondosha tone moja juu ya sukari ya maziwa: lilibaki kahawia, halikujali. Akadondosha jingine juu ya alama ya kidole, na wote watatu wakainama hadi vichwa vikagongana. Ule weupe uligeuka bluu, halafu bluu ikaiva ikawa nyeusi kama jicho la bondia.

"Wanga," akasema binti kwa sauti ndogo.

"Mnatumia wanga humu? Kwenye dawa yoyote?"

"Hapana. Hata chakula haturuhusiwi kuingia nacho."

Msumari aligeuza kichwa. Alikuwa ameshamwona Bosi akirudi kinyumenyume kuelekea droo moja, akaisimamia kwa namna ya mtu anayeficha tundu la suruali. "Sogea, Bosi."

"Humo hamna kitu cha maana."

"Nami leo natafuta visivyo na maana."

Ndani ya droo, chini ya kitabu cha miongozo, kulikuwa na pakiti ya biskuti iliyofunguliwa. Msumari alidondosha ayodini juu ya moja. Nyeusi tii. Bosi alianza kutoa jasho hadi kwenye masikio. Kwa muda mfupi, wallahi, ilionekana kesi imempata mwenyewe: mfamasia mzima, anakula biskuti kwa siri, anachezea kapsuli kwa vidole vyenye makombo.

"Ni za sukari yangu," akasema. "Ikishuka."

"Bosi! Si ulisema umeacha?" binti akamaka.

"Nimeacha kuzila mbele ya watu!"

Msumari alisugua kombo la biskuti kati ya vidole. Lilikuwa na mafuta, lina chembechembe. Akaisugua ile alama kwenye ganda. Ilikuwa laini na kavu kama poda. Huu haukuwa unga uliookwa, ulikuwa unga unaosubiri kuokwa.

Akafunga droo. "Kula biskuti zako mbali na mizani, na hilo nitaliandika. Binti, vua koti. Twende kwa mzee."

*

Haikuwa mbali, na Msumari hakuwa mtu wa kungoja usafiri. Alitembea, binti akakimbia. Waliipita karakana ya pikipiki, wakaupita ukuta mrefu wenye matangazo yaliyochanika, na muda wote binti alikuwa anauliza saa.

"Ukiniuliza tena nitaitupa saa," akasema Msumari.

"Mkaguzi, nikinyimwa leseni leo, sina ujuzi mwingine. Sitaki kuuza dawa zilizofungwa tayari. Mtoto mdogo anayehitaji dawa ya mtu mzima, mtu asiyeweza kunywa rangi fulani, mgonjwa ambaye kiwanda kimemsahau. Mimi nataka hao."

"Kaza mwendo."

Mke wa mzee ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mwanamke mnene mcheshi, mwoka mikate ya kuuza, na alikuwa na unga kutoka kwenye vidole hadi kwenye viwiko. Msumari aliutazama unga huo kama mtu anayemtazama ndugu yake waliyepoteana.

Na mzee? Ah, mzee! Kwenye kochi aliketi mwanamume wa haiba, kifua kama ghala, macho ya tai, na masharubu ya kifahari ambayo ugonjwa haukuthubutu kuyagusa. Simjui, lakini wote waliomwona husema hivyo.

"Pole kwa kuugua, mzee wangu," akasema Msumari, akisimama ingawa kiti kilikuwapo. "Dawa humezwa vipi hapa?"

"Kwa mdomo," akajibu mzee.

"Hazikusumbui?"

"Mimi? Kapsuli mimi natafuna kama njugu."

Mkewe alikohoa. Labda ni unga.

Msumari hakubaki mahali pamoja. Aligusa redio, akasogeza pazia, akafika dirishani. Pale dirishani kulikuwa na kopo la vifungo, na katikati ya vifungo vyeusi na vyeupe kulikuwa na vitu vinavyong'aa. Alitia vidole akatoa kiganja kizima cha maganda ya kapsuli, matupu, angavu, safi.

"Na haya ni vifungo vya shati gani?"

  Binti alitazama maganda, akatazama mikono ya mama yule, na akaelewa. Lakini hakusema neno, maana angesema yeye lingekuwa neno la mshtakiwa. Mke wa mzee alitazama chini, ulimi umemganda kwa hofu.

Hapo ndipo mzee aliposimama. Alisimama wima kama mnara, presha au bila presha, na sauti yake ikatikisa vioo vya madirisha.

"Mkaguzi! Asiguswe binti huyu, wala mke wangu! Mwenye kosa ni mimi!" Akapiga kifua. "Koo langu halipitishi kapsuli. Mbili kwa mpigo zilikuwa zinanitoa machozi. Mke wangu, kwa huruma yake, akawa anafungua mbili, anashindilia unga wa zote mbili ndani ya ganda moja, ananipa moja. Maganda yaliyobaki hutupa koponi, kwa kuwa yeye kitu kizuri hakitupi. Juzi alisafiri kumwona dada yake. Kabla hajaondoka akaniambia: 'Zile nilizoziandaa, umeze moja tu.' Lakini redioni kulikuwa na mechi, na penalti ilikuwa inapigwa. Sikumsikia. Nikafuata kibandiko: mbili asubuhi, mbili jioni. Nilimeza mbili zilizobeba nne! Niandike mimi, Mkaguzi. Niandike kwa herufi kubwa!"

Mkewe alilia. Binti alilia. Msumari, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikaa, alikaa.

Ripoti iliandikwa pale pale juu ya meza ya kusukumia mikate, na ukurasa wa kwanza ulifika kwa Baraza ukiwa na alama ya unga. Wajumbe walimwita binti ndani. Walimuuliza swali moja tu: je, kuna jambo ambalo angelifanya tofauti?

"Ningemuuliza kama anaweza kumeza," akajibu. "Niliuliza mzio, niliuliza dawa nyingine, sikuuliza koo. Ningejua ningemtengenezea ya maji."

Mwenyekiti alitazama wenzake. Kisha akavuta faili la ombi la leseni, akafungua kalamu.

*

Hapo ndipo nilipoweka nukta. Nikavaa miwani, nikaisoma sura nzima kwa sauti sebuleni, mbele ya mke wangu aliyekuwa anakanda unga, na mbele ya mgeni wetu, mfamasia fulani kijana, aliyekuwa amepita kuniletea chupa yangu ya dawa. Ya maji. Nilisoma vizuri, nikibadilisha sauti. Nilipomaliza nilingoja makofi.

"Baba watoto," akasema mke wangu bila kuinua kichwa, "hebu rudia pale pa kusimama."

"Pa kusimama wapi?"

"Pale kama mnara."

Nikarudia. Sauti haikutikisa vioo kama mara ya kwanza.

"Ulikuwa chooni," akasema.

"Nani alikuwa chooni? Mimi nimeandika habari za mzee mmoja, simjui—"

"Humjui! Mzee wa reli, mwenye masharubu, mwenye kochi lile ulilokalia. Kopo langu la vifungo umelijua, yeye humjui?" Alimgeukia mgeni. "Mwanangu, wewe ulikuwapo. Mimi niliganda ulimi?"

Mfamasia alikuwa ameficha mdomo kwa kiganja, mabega yanatetemeka. "Hapana, bibi. Ulisema yote kabla Mkaguzi hajamaliza kuuliza. Ulisema, 'Ni mimi niliyeyafungua, msimharibie mtoto wa watu maisha.'"

"Na huyu?"

"Babu alipoona maganda yametolewa koponi alisema tumbo limemvuruga." Alijitahidi, akashindwa, akacheka. "Tulimsikia anavuta maji. Halafu anavuta tena. Mkaguzi alimgongea mlango, yeye akajibu hakuna mtu."

"Nilisema *kuna* mtu," nikajitetea, na papo hapo nikajua nimekwisha.

Mke wangu aliweka unga chini. "Tanki lilikauka. Nikashindwa hata kunawa mikono, nikaitia ile ripoti sahihi yangu nikiwa na unga. Ndiyo hiyo alama unayoisifu."

"Lakini mama watoto, hadithi inahitaji shujaa."

"Inaye. Alikuwa na unga mikononi."

 Nilijaribu kusema kwamba mizani kweli ilipima jina, nikamtazama mfamasia anisaidie hata kwa hilo dogo. Akatikisa kichwa polepole, kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji.

"Kiapo ni kiapo," akasema mke wangu, na tayari alikuwa amefungua kabati la wembe. Niliomba angalau uwe mkali. Akanikumbusha nilichoandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza, kwa wino. Akaninyoa pale kwenye kochi, shahidi akishika taa, na masharubu ya umri wangu wote yakadondoka juu ya sura yangu niliyoiandika, yakafunika pale pa mnara.

Kesho yake mdomo wa juu ulikuwa umewaka upele kama shamba lililochomwa. Nikaenda duka la dawa nimejifunika leso. Bosi alinihudumia bila kunitambua, akaniita dada. Yule binti, shahidi wa kiapo changu, alinitambua. Hakucheka, aliniuliza maswali yote, pamoja na la koo, akaingia kwenye chumba cha kioo, akapima, akasaga, akalainisha, akanitengenezea marhamu ya mtu mmoja, ya mdomo mmoja, isiyopatikana kiwandani popote.

Nilisoma kibandiko nikiwa njiani. Niliandikiwa vizuri, kwa herufi kubwa, nisije nikakosea tena:

*Paka asubuhi na jioni. Usimeze. Usisimulie mpaka ipone.*